Cheti cha Maji ya Kunywa Hakimwagilii Vitunguu

Kisima cha umwagiliaji kinapokabidhiwa kwa wanakijiji, tarakimu tatu ndizo husomwa kwenye kipaza sauti: kina chake kwa mita, lita kinazotoa kwa saa, na ekari kitakazomwagilia. Kisha kiongozi mmoja hukinga maji kwa kiganja, huyanywa mbele ya kamera, na watu hupiga makofi. Sherehe hizi zimeongezeka, na sababu yake inajulikana. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ya Tanzania, iliyokuwa shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22, ilivuka trilioni 1.2 mwaka 2024/25, na umwagiliaji ni miongoni mwa walionufaika zaidi na ongezeko hilo. Tume ya Taifa ya Umwagiliaji inajenga mabwawa na skimu, na visima nayo inachimba. Watu binafsi hawakungoja Serikali: paneli za sola zilipoanza kushuka bei, kila mwenye ekari mbili tatu na ndugu anayeweza kumkopesha alimtafuta mkandarasi. Mjadala unaoendelea ni kama maji ya chini ya ardhi yatatosha wote hawa. Ni mjadala wa haki. Ila unapita kando ya jambo ambalo yule kiongozi, kwa kunywa maji ya vitunguu, ametuonyesha bila kukusudia.

Si kweli kwamba hatupimi maji. Tunayapima, ila kwa ajili ya mdomo usiohusika. Kisimani tunauliza kama mtu anaweza kuyanywa, ilhali anayekwenda kuyanywa ni kitunguu, na udongo utakaoyapokea miaka kumi mfululizo. Mtoni, hasa mito ya mijini, tunageuza kosa hilo hilo upande wa pili: tunaona mchicha umestawi, tunasema maji hayana neno, ilhali hapo aliye hatarini ni mlaji. Kipimo sahihi huanza na swali la nani atakunywa maji hayo, na swali hilo halimo kwenye fomu nyingi.

Tuanze na kisima. Karatasi inayotoka maabara ikiwa na maneno “yanafaa kwa matumizi ya binadamu” huchukuliwa kama baraka ya jumla, kana kwamba kilichomfaa binadamu kitakifaa na kiumbe kidogo kuliko yeye. Mmea hauishi hivyo. Miteremko ya Mlima Meru ni mfano mzuri. Maji ya huko yana floraidi nyingi, kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani linakiweka kwa maji ya kunywa, na meno ya watu waliokulia Maji ya Chai na Ngarenanyuki yanatosha kuwa ushahidi. Hata hivyo Ngarenanyuki ni jina kubwa kwenye soko la nyanya. Kwenye udongo usio na tindikali floraidi nyingi hushikwa kabla haijaleta madhara makubwa kwa mzizi. Sasa chukua boroni. Shirika hilo hilo linaruhusu hadi miligramu 2.4 za boroni kwa lita ya maji ya kunywa, ilhali mlimao huanza kudhurika maji yakiwa na chini ya 0.5, na mchungwa kati ya 0.5 na 0.75. Maji yanayoweza kumwua mlimao, mwenye mlimao anaweza kuyanywa maisha yake yote asipate hata kikohozi.

Boroni si tatizo la kila mahali. Chumvi ni tatizo la wengi zaidi, na hapo pengo kati ya mdomo wa mtu na mzizi wa mmea linaumiza hasa. Maji yenye chumvichumvi zilizoyeyuka chini ya miligramu 600 kwa lita huhesabika kuwa na ladha nzuri. Ukiyanywa hutasema chochote. Yakifika 600 hiyo, maabara itayaandika kuwa na EC, yaani uwezo wa kupitisha umeme, wa karibu 0.9 dS/m (desisimensi kwa mita, kizio cha kipimo hicho). Kwa vigezo vya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ambavyo maabara nyingi zinavitumia tangu miaka ya 1980, maharage huanza kupunguza mavuno maji yakivuka 0.7 na vitunguu yakivuka 0.8, maharage yakimwagiliwa kwa maji ya 2.4 nusu ya mavuno imeshakwenda. Nyanya huvumilia hadi 1.7, na pamba haishtuki mpaka 5. Kwa hiyo maji yale yale, siku ile ile, ni mabaya kidogo kwa mwenye maharage, hayana neno kwa mwenye nyanya, na mwenye pamba atashangaa kwa nini mnayazungumzia.

Ukitaka kuuona uzito wa jambo hili, fanya hesabu ya dukani. Ekari moja ya vitunguu vya kiangazi inaweza kunywa maji ya kimo cha milimita 500 hadi kuvunwa, ambayo ni mita za ujazo zipatazo 2,000. Kila mita ya ujazo ya yale maji “matamu” ya miligramu 600 inabeba gramu 600 za chumvi. Mwisho wa msimu umemwaga shambani zaidi ya kilo 1,200 za chumvi, mifuko 24 ya kilo 50. Mmea hunywa maji na kuiacha sehemu kubwa ya mzigo huo ardhini. Mahali penye masika ya nguvu na udongo unaopitisha maji, mvua huiosha chumvi ikashuka chini ya mizizi, na mkulima hajui hata kwamba amesaidiwa. Mahali penye mvua haba, au ndani ya kitalu nyumba ambamo mvua haigusi kabisa, mifuko inaendelea kupangwa juu ya mifuko. Umwagiliaji wa matone, ambao tunausifu kwa kubana maji, hauna maji ya ziada ya kuosha, hivyo chumvi hujikusanya kwenye ukingo wa eneo lililolowa. Manyunyu ya kwanza yakija huirudisha kwenye mizizi, na ndiyo maana wenye ujuzi huacha matone yakiendelea hata mvua inaponyesha. Jirani anayepita huona mtu anamwagilia kwenye mvua na kutikisa kichwa.

Nimewahi kusimama kwenye shamba la maharage machanga chini ya milima ya Upare, kingo za majani zimeungua kana kwamba mtu amezipitishia kiberiti. Mwenye shamba alikuwa amebadilisha mbegu mara mbili na dawa ya ukungu mara tatu. Maji ya kisima chake alikuwa ameyapima, na karatasi alikuwa nayo: yanafaa kwa matumizi ya binadamu.

Lakini chumvi ya jumla ndiyo sehemu rahisi. Sodiamu ni ngumu zaidi, kwa sababu huuharibu udongo kabla ya kuugusa mmea. Sodiamu ikizidi kalsiamu na magnesiamu, chembe za mfinyanzi huachana, huziba vitundu, na udongo hufunga uso. Maji hukaa juu ya tuta kama uji uliopoa. Chini ya vidole viwili pamekauka. Mkulima akiona mmea unanyauka huongeza maji, yaani huongeza sodiamu. Maabara hulinganisha sodiamu na hao wenzake wawili kwa kipimo kinachoandikwa SAR, na jambo linalowachanganya wengi ni kwamba SAR haisomwi peke yake. Maji yenye SAR ya 8 na EC ya 0.4 yataufunga udongo vibaya sana. Yenye SAR hiyo hiyo na EC ya 2.0 hayataufunga, ingawa yatayachoma maharage kwa chumvi. Na maji yaliyo safi kupita kiasi, chini ya 0.2, kama ya baadhi ya vijito vya milimani, nayo huchangia udongo kushindwa kunyonya. Kwa usafi wanaoujua watu, haya hayaeleweki. Kwa kemia ya udongo ni mambo ya kawaida.

Ndiyo maana siungani na shangwe za vile vipima-maji vya mfukoni vinavyouzwa mitandaoni, hivyo vya umbo la kalamu vyenye kioo kidogo. Vina kazi yake, nitaifikia. Ila kalamu hiyo inapima umeme tu. Ikitumbukizwa kwenye maji yale ya SAR 8 na EC 0.4 itatoa namba ndogo, na mwenye kuishika atatabasamu. Tena hata hiyo namba ina mtego: kalamu haioni chumvi, huikisia kwa kuzidisha EC kwa kigezo fulani, na viwanda havitumii kigezo kimoja. Maji yenye EC ya 1.2 yatasomeka 600 “ppm”, yaani sehemu kwa milioni, kwenye kalamu inayozidisha kwa 0.5, na 840 kwenye inayozidisha kwa 0.7. Nimeona wakulima wawili wakibishana kwenye kundi la WhatsApp kuhusu kisima cha nani ni kitamu, ilhali wangeweza kuwa wanasoma maji yaleyale. Ukiwa nayo, iweke kwenye EC na usahau hiyo “ppm”.

Turudi Meru kidogo, kwa sababu kuna kitu pale ambacho fomu ya maji ya kunywa inakijua bila kukisema. Maji yenye floraidi nyingi kwenye miamba ya volkano mara nyingi ni maji ya magadi: sodiamu na baikaboneti kwa wingi, kalsiamu kidogo. Si bahati mbaya, kwani kalsiamu ingekuwepo ingeikamata floraidi na kuishusha. Kwa hiyo namba ya floraidi iliyoandikwa kwa ajili ya meno ya watoto, mkulima angeweza kuisoma kama onyo kuhusu udongo wake. Hakuna anayemwonyesha, kwa sababu karatasi iliandikwa kumjibu mtu wa afya.

Wanaopinga haja ya vipimo wana hoja, na mbili kati yake ni nzito. Ya kwanza ni ya wazee: Wachaga walichimba mifongo, yaani mifereji, na Wapare wakajenga ndiva, mabwawa madogo ya kukusanyia maji, karne nyingi kabla ya maabara, na mashamba yakadumu. Ni kweli, na tusiidharau. Lakini tuangalie walimwagilia kwa maji gani. Yalikuwa maji ya mvua na chemchemi za milimani, yaliyokaa na mwamba muda mfupi, yakapita kwenye miteremko inayojiosha yenyewe. Kisima kirefu cha tambarare hutoa maji yaliyoishi na mwamba miaka mingi na kuyeyusha kila ulichoyapa. Na kule tambarare historia haikuwa ya amani hivyo: kuanzia Moshi ya chini kuelekea Kahe na Arusha Chini, udongo wenye chumvi na magadi ni jambo linalojulikana kwa miongo kadhaa. Uzoefu wa mlimani ni uzoefu wa mlimani. Kuuteremsha mpaka tambarare pamoja na pampu ya sola ni kumsingizia babu neno ambalo hakulisema.

Hoja ya pili ni ya gharama na umbali, na hii sina jibu la kuimaliza. Maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji zipo katika mikoa kadhaa, kituo cha Mlingano cha TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, kule Tanga na Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro wanapima maji na udongo, lakini aliye Kiteto au Mpanda atapanda basi na chupa yake mapajani. Majibu huja kwa Kiingereza na vizio ambavyo hata bwana shamba wengine huvikwepa. Anayesema “kila mkulima apime kila msimu” hajawahi kulipa nauli hiyo. Na mimi sisemi hivyo. Kisima hakibadiliki kama mto. Kipimo kamili kimoja mwanzoni, chenye sodiamu, kalsiamu, magnesiamu, baikaboneti, kloraidi na boroni, kinaweza kubeba miaka kadhaa, na katikati yake ndipo ile kalamu inapopata kazi ya halali: kuangalia kama EC inapanda, hasa karibu na bahari ambako kuvuta maji matamu kupita kiasi huyakaribisha ya chumvi. EC ikibaki palepale, usisafiri. Ikiruka, safiri.

Hoja ya tatu ndiyo dhaifu, na bahati mbaya ndiyo inayosikika zaidi: kwamba mimea yenyewe itasema. Itasema, ndiyo, ila itasema kwa kuchelewa na kwa lugha ya mtu mwingine. Majani yaliyoungua kwa chumvi hufanana na ya upungufu wa potasiamu. Udongo uliofungwa na sodiamu hufanana na udongo uliolimwa vibaya. Mmea uliodumaa hufanana na mbegu bandia. Muuza pembejeo ana dawa ya kila moja ya magonjwa hayo. Na mmea ukishasema wazi kabisa, udongo umeshaharibika, na kuurudisha ni kazi ya misimu, si ya wiki. Isitoshe, hoja hii husahau kwamba kipimo hakileti habari mbaya tu. Kisima chenye miligramu 10 za nitrojeni ya naitreti kwa lita kitaipa ile ekari yetu kilo 20 za nitrojeni kwa msimu, karibu mfuko mzima wa urea uliokwisha lipiwa. Maji hayo yako ukingoni mwa kinachokubalika kumpa mtoto mchanga, kwenye vitunguu ni mbolea, na mwenye kisima anaendelea kununua urea kama kawaida.

Mto ni habari nyingine, na sitaki kuujadili kama kisima kilicholala. Maji yake ya Aprili si yake ya Oktoba. Kwenye mdomo wa Mto Pangani bahari imekuwa ikipanda juu zaidi kadiri maji yanayoshuka kutoka mabonde ya juu yanavyopungua, na shamba lililokuwa na maji matamu masika linaweza kuvuta chumvi kiangazi kwa pampu ile ile. Chupa moja ya mto ni picha ya siku moja. Angalau mbili zinahitajika, moja mto ukiwa umejaa na nyingine ukiwa umebaki mkondo.

Mjini hali hugeuka juu chini. Chukua Msimbazi wa Dar es Salaam, unaotoka upande wa Pugu na kumwaga baharini karibu na Daraja la Selander, ukipita kwenye viwanda, machinjio na vyoo vya mamia ya maelfu ya watu. Mchicha wa kando yake unapendeza. Lazima upendeze, kwani unapewa nitrojeni na fosforasi bure. Wanaotaka kilimo hicho kipigwe marufuku wana msingi: Shirika la Afya Duniani mwaka 1989 liliweka kikomo cha vimelea 1,000 vya kinyesi kwa mililita 100 na yai moja la minyoo kwa lita kwa mboga zinazoliwa mbichi, na mto unaopita katikati ya jiji lisilo na mabomba ya kutosha ya majitaka hauwezi kukitimiza. Wanaotetea wakulima nao wana msingi: mboga hizo ndizo zinazofika sokoni asubuhi zikiwa bei ya mtu wa kawaida, na marufuku huhamisha bustani mita mia mbili, basi. Mwaka 2006 shirika hilo hilo liliachana na kikomo kimoja cha majini, likaelekea kwenye vizuizi vinavyopangwa kutoka shambani hadi mezani: acha kumwagilia siku chache kabla ya kuvuna jua liue vimelea, mwagia shinani badala ya juu ya majani, osha mboga kwa maji safi, si kwa ya mtoni uliyotoka nayo. Naona huo ndio uelekeo wa busara kwa vimelea.

Kwa vimelea tu. Yule anayesema “mboga zikipikwa zimekwisha” anajibu nusu ya swali. Moto humaliza bakteria, ingawa hauwafikii waliobaki kwenye kisu na kachumbari ya jirani yake. Risasi na kadimiamu haziujui moto. Wanasayansi walizikuta kwenye mboga za kando ya Msimbazi na Sinza tangu miaka ya 1990, na hakuna siku za jua wala maji ya kuoshea yanayozitoa zikishaingia kwenye jani. Hapo ndipo vipimo vya mto wa mjini vingepaswa kuelekezwa: metali kwenye maji, kwenye tope na kwenye mboga yenyewe, sehemu kwa sehemu, ili ijulikane bustani ipi iko chini ya bomba la nani. Kuhesabu vimelea vya kinyesi kila mwaka kwenye mto ambao kila mtu anajua una kinyesi ni kulipia maabara ituambie tunachokinusa.

Haya yote yana maana gani kwa visima vinavyochimbwa sasa? Kwanza ni suala la saa. Mkandarasi akishapata maji hukisukuma kisima kwa saa nyingi mfululizo ili ajue kinatoa kiasi gani. Maji yanayotoka mwisho wa zoezi hilo ndiyo maji halisi ya mwamba, na kuyakinga kunahitaji chupa iliyosuuzwa mara tatu kwa maji yaleyale, ikajazwa hadi shingoni. Gharama ya kipimo wakati huo ni sehemu ndogo ya gharama ya kuchimba. Wiki mbili baadaye mipira ya matone imeshanunuliwa, na baikaboneti ambayo haikupimwa inaanza kuziba vitundu vyake. Pili, kibali cha kutumia maji, kinachotolewa na Bodi za Maji za Mabonde kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, kinajali kiasi kitakachochukuliwa. Kingejali na kilichomo ndani yake, Bonde la Pangani au Bonde la Kati lingejipatia ramani ya sodiamu bila kutuma gari hata moja. Mtu wa kumi na moja kuchimba kijijini angejua walichokuta kumi wa kwanza, na nauli ya basi ingepungua kwa wengi. Tatu, benki na miradi inayokopesha pampu huomba hati ya ardhi na makisio ya mavuno. Makisio ya mavuno ya maharage kwenye kisima kisichojulikana EC yake ni hadithi iliyoandikwa kwa Excel.

Na majibu mabaya si hukumu ya kufunga kisima. Mara nyingi ni maelekezo ya kubadilisha zao, kuongeza maji ya kuosha mahali udongo unaporuhusu, kuchanganya ya kisima na ya mvua iliyokingwa, au kutia jasi ili kalsiamu yake iing’oe sodiamu. Jasi ipo nchini, Itigi na Makanya. Makanya iko Same, wilaya ile ile yenye mashamba yanayofunga uso kila yakimwagiliwa. Lakini kiasi cha kutia kwa ekari hakikisiwi, hutoka kwenye namba ya sodiamu, na namba hiyo haimo kwenye cheti cha maji ya kunywa. Kwa sasa malori ya jasi hupanda barabara kuu na kwenda zao kwenye viwanda vya saruji.